Mashine ya Aiskrimu na Afya ya Mlaji: Matunzo ya Kila Siku na Ubadilishaji wa Vipuri
Somo kwa walaji wa wilaya za Mbulu na Hanang

Utangulizi

Aiskrimu ya mashine, ile laini inayojazwa kwenye koni mbele ya macho ya mnunuzi, si bidhaa ya miji mikubwa pekee. Popote penye umeme na watu, iwe karibu na stendi ya Katesh, Mbulu mjini, Haydom au kwenye uwanja wa mnada, mashine moja ikiwekwa mezani inatosha kuanzisha biashara. Mteja wake wa kwanza kwa kawaida ni mtoto.

Msomaji anaweza kuuliza: matunzo ya mashine si kazi ya mwenye mashine na fundi wake? Naam, kazi ni yao. Lakini kazi hiyo isipofanyika, madhara huishia kwa mlaji. Mashine iliyong'arishwa kwa nje inaweza kuwa na maziwa ya juzi nyuma ya ringi ya mpira, na hakuna jicho litakaloyaona kutoka upande wa mteja. Kwa sababu hiyo tunaona ni vema mlaji wa kawaida ajue mashine hii inasafishwaje, vipuri gani hubadilishwa, na baada ya muda gani. Mlaji anayejua hayo anaweza kuuliza swali sahihi kabla ya kulipa, na muuzaji aliye makini atafurahi kulijibu.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze:

(a) kueleza kwa nini baridi ya mashine haiwezi kuchukua nafasi ya usafi;
(b) kutaja kazi za matunzo za kila siku, kila wiki na kila mwezi;
(c) kutambua vipuri vinavyochakaa na dalili za kuchakaa kwake;
(d) kujua mambo ya kuangalia anaponunua aiskrimu, au anapotaka kununua mashine yenyewe;
(e) kujua hatua za kuchukua akipata madhara.

1. Mashine inavyofanya kazi

Mashine ya aiskrimu laini ina sehemu nne ambazo mlaji anapaswa kuzifahamu.

Juu kabisa kuna tanki linalotiwa mchanganyiko wa maziwa, sukari na ladha. Mchanganyiko huo ni chakula kibichi kinachoharibika haraka, hivyo tanki linapaswa kuuweka katika ubaridi usiozidi nyuzi 5 za Selsiasi.

Chini ya tanki kuna silinda ya kugandishia. Kuta zake hupozwa na gesi inayozungushwa na kompresa, kwa namna ileile ya friji. Ndani ya silinda kuna kikorogeo kinachozunguka, na kwenye kikorogeo kumefungwa visu vya plastiki vinavyokwangua barafu nyembamba inayoganda ukutani. Aiskrimu hutoka hapo ikiwa na ubaridi wa takriban nyuzi 6 chini ya sifuri. Hewa nayo huingizwa wakati wa kukoroga, kiasi kwamba theluthi moja ya ujazo wa koni inaweza kuwa hewa. Huo si udanganyifu. Bila hewa hiyo, aiskrimu ingekuwa donge gumu lisilolambika.

Mbele ya silinda kuna mlango wenye vali na mkono wa kuvutia. Hapa ndipo aiskrimu inapotokea, na hapa ndipo zilipo ringi nyingi za mpira, ambazo mafundi huziita oringi.

Nyuma na pembeni kuna mota, mkanda, kompresa, feni na kondensa. Kondensa ni ule wavu wa mirija na mapezi membamba unaotoa joto nje. Ikizibwa na vumbi, joto hukosa pa kutokea na mashine nzima huelemewa.

2. Baridi haisafishi

Hili ndilo jambo kuu la somo letu. Watu wengi huamini kwamba kitu kilichoganda kimekuwa salama. Imani hiyo si sahihi. Baridi kali husimamisha ukuaji wa vimelea, lakini haiviui vyote. Aiskrimu inapoyeyuka mdomoni na kufika tumboni, vimelea vilivyosalia huendelea na maisha yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kimelea kimoja kikipata joto na chakula kinachokifaa kinaweza kugawanyika na kuwa viwili kila baada ya dakika 20. Baada ya saa 1 vitakuwa 8, na baada ya saa 4 vitakuwa 4,096. Baada ya saa 7, kimelea kimoja kimezaa zaidi ya milioni 2. Saa 7 ni usiku mmoja wa mashine iliyozimwa huku ikiwa na mabaki ya maziwa nyuma ya ringi zake.

Msomaji wa Mbulu anaweza kusema kwamba huku kwetu ni baridi, maziwa hayaharibiki upesi. Ni kweli kwamba asubuhi ya Julai watu wa Mbulu hutoka na makoti. Lakini baridi ya Mbulu si baridi ya jokofu. Vimelea vingi hukua kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na chumba kinachomfanya mtu avae koti bado kimo ndani ya eneo hilo la hatari.

Vimelea vinavyohusika ni vya aina mbalimbali. Vipo vya homa ya matumbo, vinavyoingia kwa maji machafu na mikono isiyonawiwa. Vipo vinavyotoa sumu ambayo haiondoki hata mchanganyiko ukichemshwa upya, na kwa sababu hiyo mchanganyiko uliochacha haurekebishwi, humwagwa. Vipo pia vya brusela, ugonjwa unaofahamika miongoni mwa wafugaji wa mikoa ya Arusha na Manyara, ambao kwa mifugo husababisha mimba kutoka, na kwa binadamu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Brusela hupita katika maziwa mabichi. Maziwa ambayo hayakuchemshwa yakiingia katika mashine hutoka yakiwa aiskrimu yenye brusela, kwa kuwa hakuna hatua yoyote ya kugandisha inayoua vimelea hivyo.

Dawa ya brusela na vimelea vingine vya maziwa ni moto. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote, kisha yapozwe haraka yakiwa yamefunikwa. Kwenye miinuko ya Mbulu maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94, chini kidogo ya nyuzi 100 za pwani, lakini kiwango hicho bado kinatosha kabisa kuua vimelea hivi.

Kipo kimelea kingine kiitwacho listeria, chenye tabia ya pekee: huendelea kukua polepole hata ndani ya friji. Mwaka 2023, katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington nchini Marekani, watu 6 walilazwa hospitalini na 3 kati yao wakafariki baada ya kupatwa na listeria. Wachunguzi walikuta vimelea hivyo katika vinywaji vya maziwa vya mgahawa mmoja, na chanzo kikaonekana kuwa mashine za aiskrimu ambazo hazikusafishwa ipasavyo. Umeme ulikuwapo, friji zilikuwapo na maji ya bomba yalikuwapo. Kilichokosekana ni mikono ya kufungua mashine na kuisugua ndani. Listeria ni hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, kwa wazee, na kwa wenye kinga dhaifu ya mwili.

Kanuni yenyewe si ngeni kwa jamii za wafugaji. Kibuyu hakijazwi maziwa mapya juu ya mabaki ya jana. Huoshwa, na katika kaya nyingi hufukizwa moshi kwanza. Mashine ya aiskrimu ni kibuyu chenye umeme. Tofauti ni kwamba kibuyu kina mdomo mmoja, ilhali mashine ina vijishimo vingi ambavyo maziwa hujificha.

3. Matunzo ya kila siku

Mashine isiyo na mfumo wake wa kupasha moto mchanganyiko inapaswa kufunguliwa na kusafishwa kila siku baada ya kazi. Utaratibu ni huu:

Kwanza, mchanganyiko uliobaki utolewe wote na kumwagwa. Tunajua neno hili linamuuma mfanyabiashara, kwa sababu maziwa na sukari ni fedha. Njia ya kupunguza hasara ni kujaza tanki kidogo kidogo jioni inapokaribia. Kuchanganya ya leo na ya kesho ni kupanda mbegu za vimelea katika maziwa mapya.

Pili, mashine isuuzwe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe. Maji ya moto yasitangulie, kwani hugandisha protini ya maziwa ukutani.

Tatu, umeme ukatwe kwenye soketi, kisha mlango, vali, kikorogeo, visu, mrija wa hewa na ringi zote zitolewe. Ringi isiyotolewa mahali pake haijasafishwa, hata mashine ikisuuzwa mara kumi.

Nne, kila kipande kisuguliwe kwa brashi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, pamoja na matundu ya vali na mdomo wa kutolea aiskrimu. Kisha kisuuzwe kwa maji safi.

Tano, vipande vizamishwe katika maji yenye dawa. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 100 za klorini kwa kila lita ya maji. Kwa dawa ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, hiyo ni mililita 3 kwa lita moja. Dawa hufanya kazi juu ya kitu kilichokwisha kuoshwa tu. Mabaki ya maziwa huila nguvu yake. Isichanganywe kamwe na sabuni au dawa nyingine, kwa kuwa inaweza kutoa hewa yenye sumu.

Sita, vipande viachwe vikauke vyenyewe kwenye chombo safi, bila kufutwa kwa kitambaa. Asubuhi mikono inawiwe, ringi zipakwe grisi maalumu ya vyombo vya chakula, mashine ifungwe, na maji yenye dawa yapitishwe kwa dakika chache na kutolewa yote. Aiskrimu ya kwanza kutoka itupwe.

Zipo mashine kubwa ambazo hupasha moto mchanganyiko kila usiku, angalau nyuzi 66 kwa dakika 30, kisha huupoza tena. Hizi hazifunguliwi kila siku, lakini nazo zinapaswa kufunguliwa na kusuguliwa kikamilifu kila baada ya wiki 2. Muuzaji akisema mashine yake "inajisafisha yenyewe", mlaji ajue kwamba hakuna mashine ya namna hiyo isiyohitaji mkono wa mtu.

4. Matunzo ya kila wiki na kila mwezi

Kila wiki, mwenye mashine apime ubaridi wa tanki kwa kipimajoto badala ya kuamini tarakimu zinazowaka kwenye kioo, na akague ringi zote kwa kuzikunja kwa vidole. Ringi yenye ufa itajionyesha ikikunjwa.

Kila mwezi, kondensa isafishwe. Katika wilaya hizi jambo hili lina uzito wake. Vumbi la barabara wakati wa kiangazi, pamoja na makapi yanayopeperuka wakati wa mavuno katika maeneo ya ngano kama Bassotu, hujaa kwenye mapezi ya kondensa upesi kuliko kitabu cha mashine kinavyotazamia. Mashine iliyo kando ya barabara ya vumbi ikaguliwe kila wiki. Usafishaji ufanyike kwa brashi laini, umeme ukiwa umekatwa, na mapezi yasipindwe. Nafasi ya angalau sentimita 15 iachwe pande zote zenye matundu ya hewa.

Kondensa chafu hujitambulisha kwa dalili tatu: aiskrimu huchelewa kuganda, kompresa haipumziki, na uniti za LUKU huisha upesi. Wengi hudhani gesi imepungua na kumwita fundi, ilhali kilichohitajika ni brashi na dakika 20.

5. Vipuri vinavyochakaa na wakati wa kuvibadilisha

Kipuri cha mpira au plastiki kina umri wake, hata kikitunzwa vizuri. Muda tunaoutaja hapa ndio unaopendekezwa na watengenezaji wengi. Kitabu cha mashine kikisema vinginevyo, kifuatwe.

Ringi za mpira za mlango na vali: kila miezi 3. Dalili za kuchakaa ni aiskrimu kudondoka mkono ukiwa umefungwa, mpira kuwa mgumu, kulegea au kupasuka. Ufa mdogo ambao jicho halioni unatosha kuhifadhi maziwa, na brashi haiwezi kuufikia.

Sili ya shafti, iliyo mahali kikorogeo kinapoungana na mota: kila miezi 3. Dalili yake ni maziwa kuonekana kwenye trei au mrija wa nyuma. Dalili hii ikipuuzwa, maziwa huendelea hadi kwenye beringi na gia, na ukarabati wa siku moja hugeuka ukarabati wa mwezi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Visu vya kukwangua: kila miezi 3 hadi 6. Visu vilivyochakaa huacha barafu ukutani. Aiskrimu huwa nyepesi na huchelewa kutoka. Visu vilivyomeguka ni hatari zaidi, kwani vipande vya plastiki vinaweza kuingia kwenye koni.

Brashi za kusafishia: kila miezi 3, au mapema zikianza kunyonyoka. Hizi husahauliwa mara nyingi, ilhali brashi chafu hupeleka uchafu mahali pa ndani kabisa.

Mkanda wa mota: ukaguliwe kila mwezi, na ubadilishwe ukionyesha nyufa au ukipiga kelele wakati wa kuwaka.

Kipuri mbadala ndiyo sehemu ya hatari zaidi. Ringi ya mashine ya chakula hutengenezwa kwa mpira usioachia kemikali katika mafuta na maziwa. Ringi iliyochongwa kutoka tyubu ya baiskeli, sili ya pikipiki, gundi ya haraka au grisi ya magari huweza kuzuia kuvuja kwa wiki moja au mbili, lakini mlaji ataila pamoja na aiskrimu yake. Kwa kuwa vipuri halisi huenda vikahitaji kuagizwa kutoka Arusha au Dar es Salaam, tunashauri mwenye mashine awe na seti mbili za ringi na sili ndani kabla hazijahitajika. Asiye na ringi ya akiba hushawishika kutumia tyubu.

6. Umeme na gesi

Umeme wa nyumbani na wa maduka madogo nchini ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 110 na mizunguko 60 haifai kuletwa huku kwa kutegemea transfoma. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi mizunguko, na mota yake itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita huku ikipata joto.

Umeme unaposhuka na kupanda, kompresa ndiyo huumia kwanza. Kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha kuwaka kwa angalau dakika 3 ni matumizi ya lazima. Umeme ukikatika, saa iangaliwe. Mchanganyiko uliokaa katika joto la zaidi ya nyuzi 5 kwa saa 4 humwagwa, hata kama haujabadilika harufu wala ladha. Aiskrimu iliyoyeyuka kwa kukatika umeme isigandishwe upya na kuuzwa.

Kuhusu gesi, mlaji na mfanyabiashara wakumbuke jambo moja: gesi ya kupoozea haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mirija iliyofungwa kabisa. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayekuja kila baada ya miezi michache "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu na kuliziba anauza gesi, hatengenezi mashine. Aidha aina ya gesi imeandikwa kwenye bamba la mashine, na aina moja haichanganywi na nyingine. Gesi ya R-290 ni propani inayowaka moto, na mashine yake ifunguliwe na fundi mwenye mafunzo hayo pekee.

7. Mlaji mbele ya mashine: mambo saba ya kuangalia

Mlaji hawezi kufungua mashine, lakini anaweza kuona na kuuliza.

(1) Tazama mdomo wa kutolea aiskrimu. Ukiwa na maziwa yaliyokauka au nzi, ondoka.
(2) Tazama kama aiskrimu inadondoka mkono ukiwa umefungwa. Hiyo ni ringi iliyochoka.
(3) Tazama tanki. Liwe na kifuniko muda wote.
(4) Tazama mikono. Anayepokea fedha asishike koni kwa mkono huohuo bila kunawa.
(5) Tazama aiskrimu yenyewe. Isimame kwenye koni. Ikimwagika kama uji, ubaridi hautoshi.
(6) Onja na unuse. Uchachu usiotarajiwa, harufu ya mpira au ya grisi ni sababu ya kuitupa, hata kama umeshalipa.
(7) Uliza: "Mashine hii ilifunguliwa na kuoshwa lini? Maziwa yamechemshwa?" Muuzaji anayesafisha kila siku hujibu bila kufikiri.

Swali la saba lisiulizwe kwa ukali. Kwa kawaida anayesimama mbele ya mashine ni kijana aliyeajiriwa, na swali la heshima kutoka kwa wateja watano humpa nguvu ya kumwambia tajiri wake kwamba ringi zinahitajika.

8. Anayetaka kununua mashine

Vikundi vya akina mama na vijana wanaofikiria kununua mashine kwa mkopo wajue kwamba bei ya mashine ni mwanzo tu wa gharama. Kabla ya kulipa, mnunuzi adai mambo haya: asome bamba la volti, mizunguko na aina ya gesi, apewe kitabu cha matumizi katika lugha anayoielewa, apewe orodha ya vipuri na ahakikishe ringi, sili na visu vinapatikana nchini, mashine iwashwe mbele yake kwa maji na kisha kwa mchanganyiko, apewe dhamana ya maandishi yenye kutaja muda na sehemu zinazohusika, na apewe risiti.

Aulize pia maana ya alama za hitilafu zinazojitokeza kwenye kioo. Baadhi ya mashine za kisasa hufungwa kwa kufuli za programu ambazo wakala wa kiwanda pekee huzifungua. Tatizo hilo si la kwetu peke yetu. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliruhusu kufunguliwa kwa kufuli za namna hiyo katika vifaa vya kibiashara vya kutayarishia chakula kwa ajili ya matengenezo, baada ya manung'uniko ya miaka mingi yaliyohusu hasa mashine za aiskrimu. Kwa mnunuzi wa Katesh au Haydom, mashine rahisi ambayo fundi wa karibu anaweza kuifungua ina manufaa kuliko mashine ya fahari inayomsubiri mtaalamu wa mbali.

9. Haki za mlaji na hatua za kuchukua

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Katika ngazi ya wilaya, mtu wa karibu zaidi ni afisa afya wa halmashauri, ambaye anaweza kukagua eneo la biashara. Bidhaa bandia, vikiwemo vipuri vyenye chapa ya kughushi, pamoja na matangazo ya kupotosha hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Mnunuzi wa mashine isiyofaa kwa kazi iliyouziwa ana pia kinga katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, lakini kinga hiyo huhitaji ushahidi, na ushahidi huanza na risiti.

Anayeugua baada ya kula aiskrimu afanye haya. Aende kituo cha afya mapema, hasa kukiwa na homa, kuhara damu au kutapika mfululizo. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasisubiri. Amweleze mganga alichokula, wapi na saa ngapi. Homa ya brusela huweza kuonekana wiki kadhaa baadaye na hufanana na malaria, kwa hiyo maziwa yasiyochemshwa yatajwe hata kama yalinywewa zamani. Atunze mabaki ya aiskrimu kwenye friza kama yapo. Kisha atoe taarifa kwa afisa afya, kwa kuwa mgonjwa mmoja anayetoa taarifa anaweza kuwaokoa watoto wa darasa zima.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kugandisha maziwa mabichi hakuyafanyi kuwa salama?
2. Kwa nini maji ya moto yasitumike kusuuza mashine kabla ya maji ya baridi?
3. Aiskrimu inadondoka ingawa mkono umefungwa. Kipuri gani kimechoka, na kinapaswa kubadilishwa kila baada ya muda gani?
4. Umeme umekatika saa 4 asubuhi na kurudi saa 9 alasiri, na tanki lilipimwa likakutwa na nyuzi 18. Muuzaji afanye nini na mchanganyiko?
5. Fundi ameongeza gesi mara tatu kwa mwaka. Mwenye mashine amwambie nini?
6. Taja mambo matatu utakayoyaangalia safari ijayo utakapomnunulia mtoto koni.

Kumbuka

Ringi ya mpira ni kipande kidogo kinachoenea katikati ya vidole viwili. Mwenye mashine akiibadilisha kwa wakati, analinda mtaji wake. Akiitoa na kuiosha kila jioni, anamlinda mtoto wa jirani. Mlaji naye akiuliza kwa heshima kabla ya kulipa, anaifanya kazi hiyo isisahaulike. Tunawasihi wasomaji wetu wa Mbulu na Hanang wasome somo hili pamoja na wauzaji wao.